Mhusika wangu anateleza akitembea, akisimama anatetemeka (Blender)

Fremu_kwa_Fremu:
Wakuu, habari za kazi. Nina mhusika kwenye Blender (programu ya kutengeneza katuni za 3D). Anatakiwa atembee sekunde 10, kisha asimame amsikilize mwenzake. Kuweka kila pozi kwa mkono sikuweza, kwa hiyo nimetengeneza hatua mbili tu, nikazipa modifaya (nyongeza inayobadilisha mwendo yenyewe) ya Cycles zijirudie. Kwa kusimama nimeweka modifaya ya Noise (mtikisiko wa kubahatisha) kichwani, kifuani na mabegani asije akaonekana sanamu.

Akitembea, anateleza kama aliyevaa soksi kwenye sakafu yenye sabuni. Akisimama ndiyo balaa, mwili mzima unatetemeka kama ana homa. Strength (ukubwa wa mtikisiko) nimeishusha hadi 0.2, wapi! Nimekosea nini?

Mzee_wa_Mifupa:
Pole mkuu. Hayo ni magonjwa mawili, usiyape dawa moja. Tuanze na miguu. Hatua moja ina fremu (picha) ngapi na urefu gani? Na mwili umeusogezaje?

Fremu_kwa_Fremu:
Fremu 12, mita 0.7. Natumia fremu 24 kwa sekunde. Mwili una fremu kuu (keyframe, nilipoweka mkao mwenyewe) mbili tu: ya 1 na ya 241, umbali mita 10.

Mzee_wa_Mifupa:
Basi piga hesabu. Fremu 240 gawa kwa 12 ni hatua 20. Hatua 20 za mita 0.7 ni mita 14. Miguu inatembea 14, mwili unakwenda 10, na hizo 4 zilizobaki ndizo unazoziona zikiteleza. Ama umpeleke mita 14, ama ufupishe hatua iwe 0.5. Usianze kurekebisha mguu mmoja mmoja, utazeeka.

Halafu fremu kuu mpya huja na Bezier: mwili unaanza polepole, unakimbia katikati, unapoa mwishoni, ilhali miguu haibadili kasi. Zichague kwenye grafu, bonyeza T, weka Linear, mwili uende kwa kasi moja.

Kivuli_cha_Pili:
Naongezea hapo kwa Mzee. Linear peke yake itamfanya asimame kama aliyegonga ukuta. Hatua mbili za mwisho zitengeneze kwa mkono, ziwe fupi, na Cycles uiwekee mpaka wa fremu (Restrict Frame Range), la sivyo miguu itaendelea kutembea mwili ukiwa umeshafika.

Sasa hiyo homa. Scale ya Noise (urefu wa kila mtikisiko kwa fremu) huja ikiwa 1, maana yake mtikisiko karibu kila fremu. Ndiyo maana kushusha Strength hakukusaidia: umepata mtetemo mdogo, lakini ni mtetemo uleule. Ipandishe hadi 40 au 60 uone anavyotulia. Strength nayo, kwenye mzunguko wa mfupa wa aina ya Euler (pembe za X, Y na Z) inahesabiwa kwa radiani, na radiani 1 ni karibu digrii 57. Kichwani anza na 0.03. Jambo ambalo wengi hulisahau ni Phase (mtikisiko unapoanzia): ukiiacha sawa kila mahali, kichwa na mabega vinayumba kwa pamoja kama vimefungwa uzi mmoja. Mpe kila mfupa namba yake.

Kifuani toa Noise kabisa. Pumzi si mtikisiko wa kubahatisha. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo pumzi moja ni fremu 72 hadi 120. Fremu kuu tatu na Cycles zinatosha.

Mzee_wa_Mifupa:
Na mabegani pia toa, kwa maoni yangu. Mtu anayesikiliza hachezeshi mabega. Mpe kupepesa macho, tena kwa nafasi zisizolingana.

Fremu_kwa_Fremu:
Nimerudi. Nimefupisha hatua, nikaweka mchemraba mdogo kando ya kisigino cha kushoto nione kama kinahama. Hakijahama hata kidogo! Scale nimeweka 50, homa imekwisha. Mabega nimeyaacha kwanza, ila kidogo sana. Mzee usininunie.

Mzee_wa_Mifupa:
Utayatoa tu.