Makala kuhusu Jaji Maraga yamejaa makosa, na anayeyasahihisha ndiye anayefungiwa

Waungwana, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Wiki mbili zilizopita mjukuu wangu, mwanafunzi wa gredi ya tisa huku Kisauni, aliniletea daftari nimkagulie kazi aliyopewa shuleni kuhusu Idara ya Mahakama. Alikuwa ameandika, kwa mwandiko safi kabisa, kwamba "Haki Mkuu David Maraga alikuwa hakimu wa pili wa Kenya, ambaye peke yake alifuta uchaguzi wa Rais mwaka 2017, akavunja Bunge mwaka 2020, kisha akajiuzulu." Katika sentensi hiyo moja kuhusu Maraga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya tangu 2016 hadi 2021, nilihesabu makosa sita. Nilipomuuliza ameyatoa wapi, alinionyesha simu. Yalikuwa maneno ya kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuihariri, toleo la Kiswahili, naye aliyanakili jinsi alivyoyakuta kwa kuwa anaamini, kama watoto wengi wanavyoamini, kwamba kilichoandikwa humo kimeshakaguliwa na watu wazima.

Mimi nilikuwa karani wa mahakama hapa Mombasa kwa miaka 27 kabla ya kustaafu. Kazi yangu ilikuwa kuita kesi, kutunza majalada, na kumfasiria shahidi aliyetoka Likoni au Kwale maneno ya wakili, na kumfasiria jaji maneno ya shahidi. Nimeona kwa macho yangu kesi ikigeuka kwa sababu ya tofauti ya "alinipiga" na "alinisukuma". Kwa hiyo yeyote anayetaka kuniambia kwamba nagombana juu ya maneno tu, ajue kwamba nimeishi maisha yangu yote ya kazi mahali ambapo neno ndilo linalompeleka mtu nyumbani au jela.

Nilijiandikisha katika kamusi hiyo, nikajifunza kubonyeza "hariri", nikakaa usiku mzima kuyasafisha makala hayo. Ilikuwa dhahiri kwamba yalitafsiriwa na programu kutoka Kiingereza na kupachikwa bila mtu kuyasoma. Mahali pa kusema Mahakama iliamua, yalisema "Mahakama ilitawala". Mahali pa jopo la majaji, yalisema "benchi", kana kwamba tunazungumzia wachezaji wa akiba. Cheo cha jaji kiligeuzwa kuwa "Haki", ikawa Haki Maraga, Haki Mwilu, Haki Lenaola, kama majina ya watu wa ukoo mmoja.

Baya kuliko hayo, yaliita Mahakama Kuu na Mahakama ya Juu, ambayo ndiyo ya mwisho nchini, kwa jina moja. Ukiyasoma unaelewa kwamba Maraga aliteuliwa jaji wa Mahakama Kuu mwaka 2003, akapanda hadi Mahakama ya Rufaa mwaka 2012, halafu mwaka 2016 akarudishwa Mahakama Kuu. Yaani mtu aliyefika kileleni mwa Idara ya Mahakama anaonekana ameshushwa cheo. Msomaji asiyejua mambo atajiuliza alikosa nini, na jibu la swali hilo halipo kwa sababu tukio lenyewe halikutokea.

Kuhusu "hakimu", najua wazee wa Mji wa Kale wataniambia kwamba neno hilo ni letu tangu enzi za mababu, na kwamba "jaji" tumeletewa na Mwingereza. Ni kweli, na katika mazungumzo ya barazani sina ugomvi nalo. Lakini katika utaratibu wa mahakama zetu hakimu ni ofisa wa mahakama za chini, na jaji huanzia Mahakama Kuu kwenda juu. Hapa Mombasa tunaye Hakimu Mkuu na tumekuwa naye miaka yote, na si Jaji Mkuu wa Jamhuri. Mkabidhi mmoja wa kamusi, yaani msimamizi mwenye uwezo wa kufunga kurasa na akaunti, alinijibu kwamba mimi naleta Kiswahili cha Kenya, na kwamba kamusi ni ya Waswahili wote. Nilimwandikia kwamba Tanzania nako kuna Jaji Mkuu na kuna mahakimu, na hakuna Mtanzania anayewachanganya. Hakujibu hilo, ila alitengua masahihisho yangu.

Hilo la "wa pili" lilitokana na uvivu mtupu. Maraga ni Jaji Mkuu wa pili kuteuliwa chini ya Katiba ya 2010, akimfuata Willy Mutunga. Aliyetafsiri aliliona neno "wa pili", masharti yaliyolifuata akayaacha. Kama Maraga ndiye wa pili katika historia ya Kenya, basi Kitili Mwendwa, Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho, mwaka 1968, tumfiche wapi? Na Gicheru, na Chunga, na Chesoni, na Cockar?

Hakujiuzulu pia. Alizaliwa tarehe 12 Januari 1951, Katiba inamtaka jaji astaafu akifika miaka 70, na Januari 2021 alistaafu. Kujiuzulu ni neno lenye kivuli, kwa maana mtu husikia amejiuzulu akadhani palikuwa na kashfa. Na Bunge hakulivunja. Tarehe 21 Septemba 2020 alimshauri Rais alivunje, chini ya kifungu cha 261 cha Katiba, kwa sababu wabunge walishindwa kupitisha sheria ya thuluthi mbili ya kijinsia, yaani jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya viti. Rais hakulivunja, na Bunge lile lilikaa hadi uchaguzi wa 2022. Tofauti ya kushauri na kutenda anaijua hata mtoto wa chekechea aliyewahi kumshauri mwenzake apande mwembe.

Lakini lililonikata maini ni "peke yake". Tarehe 1 Septemba 2017 majaji sita wa Mahakama ya Juu walitoa uamuzi juu ya uchaguzi wa Rais wa tarehe 8 Agosti. Wanne, yaani Maraga, Mwilu, Wanjala na Lenaola, waliubatilisha na kuagiza uchaguzi mpya ufanywe ndani ya siku 60. Wawili, Ojwang' na Njoki Ndung'u, walipinga na wakaeleza sababu zao. Wa saba, Jaji Ibrahim, aliugua kesi ikiendelea na hakushiriki uamuzi. Sababu kamili zilisomwa tarehe 20 Septemba. Jambo hilo lilisikika duniani kote, kwa kuwa Afrika ilikuwa haijawahi kuona mahakama ikibatilisha ushindi wa rais aliye madarakani, mpaka Malawi nayo ilipofanya hivyo mwaka 2020. Tukio zito kiasi hicho huwezi kulikabidhi mtu mmoja kwa sababu tu jina lake ndilo linalokumbukwa.

Na ushahidi kwamba Jaji Mkuu hana uwezo huo uko katika mwaka uleule. Kifungu cha 163 cha Katiba kinasema Mahakama ya Juu haiwezi kuketi bila majaji watano. Tarehe 25 Oktoba 2017, siku moja kabla ya uchaguzi wa marudio, palikuwa na kesi ya kutaka uchaguzi huo usimamishwe. Waliofika ni majaji wawili tu, Maraga akiwa mmoja wao. Akatangaza mbele ya kamera kwamba akidi haikutimia na kesi haiwezi kusikizwa, na kesho yake watu wakaenda kupiga kura. Kama angekuwa mtu wa kuamua peke yake, siku hiyo angeamua.

Makala yaliacha pia jambo ambalo kwa mizani ya haki halikupaswa kuachwa. Majaji wale wanne walilaumu jinsi Tume ya Uchaguzi ilivyoendesha uchaguzi, hasa upeperushaji wa matokeo, lakini walisema wazi kwamba hawakuona kosa lolote alilotenda mlalamikiwa wa tatu, ambaye ni Uhuru Kenyatta, rais aliyekuwa ametangazwa mshindi. Nililiongeza. Msiniite mfuasi wa huyu wala mpinzani wa yule, kwa maana sentensi hiyo inamfaa Kenyatta, na ile ya akidi inamfaa Maraga, na zote mbili ni za kweli.

Sasa sikilizeni nilivyojibiwa. Kwa kila sahihisho nilitaja hukumu yenyewe, aya kwa aya, kama ilivyochapishwa na Kenya Law, shirika linalochapisha hukumu za mahakama zetu, na kila mtu anaweza kuisoma bila kulipa hata senti. Mkabidhi aliandika kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba nyaraka za mahakama haziruhusiwi katika makala ya watu walio hai, akafuta kila nilichoweka, na akarudisha "peke yake" kwa kutegemea kichwa cha habari cha tovuti moja ya ng'ambo kilichosema Maraga amefuta uchaguzi.

Kanuni hiyo naifahamu, nimeisoma mara nne, na naiheshimu. Iliwekwa kumlinda mtu aliyeshtakiwa, au shahidi, au mke anayedai talaka, ili asije mtu mwenye chuki akachimba jalada la kesi na kumwanika mtandaoni kwa madai ambayo hayakuthibitishwa. Mimi niliyeyafunga majalada hayo kwa kamba kwa miaka 27 najua vizuri kwa nini ulinzi huo unahitajika. Lakini jaji katika hukumu yake si mshtakiwa. Ndiye mwandishi. Hukumu ndiyo kazi yake, aliisoma hadharani, akaitia saini, ikachapishwa ili umma uisome. Kumzuia mtu asiitaje hukumu katika makala kuhusu jaji ni sawa na kumwandika fundi wa majahazi ukakatazwa kutazama jahazi lake. Na sikuitafsiri hukumu kwa maoni yangu, kwa maana kuhesabu majaji wanne na wawili hakuhitaji maoni.

Kinyume chake, kichwa cha habari ni mkato. Mhariri wa gazeti ana nafasi ya maneno matano, hivyo huandika "Maraga" akimaanisha mahakama nzima, na msomaji wa siku ile alielewa. Kamusi elezo haina shida ya nafasi. Nilipoleta habari ya gazeti la Kiswahili la wakati ule, iliyotaja majaji wote kwa majina, niliambiwa chanzo kiwe cha Kiingereza ili "wengine waweze kukagua". Kamusi ya Kiswahili, makala ya Kiswahili, wasomaji wa Kiswahili, halafu ushahidi wa Kiswahili unakataliwa! Niliitafuta kanuni hiyo katika kurasa zao za miongozo na haipo popote.

Yapo na mengine. Tangu Jaji Maraga atangaze nia ya kuwania urais mwaka 2027, ukurasa huo umevamiwa. Ukifungua historia yake utaona watumiaji wasio na majina, wengine wakimwita mkombozi, wengine wakipachika matusi ambayo sitayarudia hapa, na baadhi ya matusi hayo yalikaa siku tatu bila kuguswa. Mimi niliyeleta nambari za aya nilitenguliwa baada ya dakika 11. Nilirudisha, nikatenguliwa. Nilirudisha tena, akaunti yangu ikafungiwa siku 14 kwa kosa la "ugomvi wa kuhariri", na ukurasa ukawekewa ulinzi ukiwa katika hali ileile ya makosa. Sikatai kwamba nilirudisha mara mbili. Naomba tu nielezwe kwa nini upande mmoja wa ugomvi ulifungiwa na wa pili ulibaki na funguo.

Ninachokitaka si kikubwa. Ulinzi uondolewe au makala yarudishwe katika toleo la kabla ya kutenguliwa, mjadala ufanywe kwenye ukurasa wa majadiliano na zaidi ya mkabidhi mmoja, na yale ya "peke yake", "akavunja Bunge" na "akajiuzulu" yaondolewe leo, kwa sababu kanuni yao wenyewe inasema dai lisilo na chanzo kuhusu mtu aliye hai huondolewa mara moja bila kusubiri. Wenye akaunti za siku nyingi humu, nawaomba muingie muandike maoni yenu kule, kwa adabu na kwa majina yenu ya watumiaji. Nambari za aya nitawapa.

Na mkabidhi huyo, ikiwa anausoma uzi huu, namwomba ajibu mbele ya watu: ni chanzo kipi kinachosema Jaji Maraga aliamua peke yake, na majaji watatu waliotia saini pamoja naye anataka tuwaweke wapi?