Mnawacheka waumini kwa kuamini bila ushahidi, halafu mnatuletea Anunnaki

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila ukianza mjadala wa asili ya mwanadamu lazima atokee mtu na habari zake za Anunnaki, miungu ya kale ya Wasumeri. Adamu ni hadithi, dini ni utapeli, na ukweli tuliofichwa ni kwamba tulitengenezwa na hao Anunnaki, viumbe kutoka sayari ya Nibiru ili tuwachimbie dhahabu. Anayasema kwa uhakika kama aliyekuwepo siku hiyo. Ukimuuliza kayatoa wapi, jibu ni moja: vibao vya udongo vya Wasumeri, watu wa kale wa Iraki ya leo, vinasema.

Vibao vipi? Viko makumbusho gani? Mstari wa ngapi? Ukifika hapo unaambiwa akili yako imefungwa na dini.

Basi tuvizungumzie, maana vipo na vinasomeka. Vingi vilifukuliwa Ninawi, mji wa kale wa Ashuru, katika karne ya 19, kwenye maktaba ya mfalme Ashurbanipal, vikapelekwa London. Kisa cha kuumbwa mtu wanachodai kukijua kimo katika utenzi wa Atrahasis, ambao una nakala ya Kibabeli ya karne ya 17 KK. Humo miungu wadogo, Igigi, wametwikwa kazi ya kuchimba mito na mifereji, Tigri na Frati. Wanachoka. Wanatia moto majembe na vikapu vyao, kisha usiku wanaizingira nyumba ya mkubwa wao Enlil. Shauri linalotolewa ni kwamba mungu mmoja achinjwe, nyama na damu yake vichanganywe na udongo, na kwa mchanganyiko huo afinyangwe mtu atakayebeba kikapu badala ya miungu. Ni kisa kizito cha watu walioishi kwa mifereji na walioijua kazi ya kuizibua. Dhahabu haimo, chombo cha anga hakimo, sayari ya mbali haimo.

Hayo ya dhahabu mmeyapata kwa Zecharia Sitchin, mtu aliyesomea uchumi, katika vitabu alivyoanza kuvitoa mwaka 1976. Wataalamu wa mwandiko wa kikabari, ule wa kwenye vibao hivyo, walimkatalia waziwazi. Ushahidi wake mkubwa ni muhuri ulioko Berlin, namba VA 243, wenye nyota iliyozungukwa na nukta 11. Akasema huo ni mfumo wa jua. Hesabu zikatoshaje? Akajumlisha sayari nane, Pluto, Mwezi wetu na Nibiru yake! Lakini muhuri huo una maandishi, nayo yanataja majina ya watu na utumishi, basi. Hakuna neno hata moja kuhusu sayari. Na Nibiru katika maandiko ya Babeli ni nyota ya Marduk, mungu mkuu wa Babeli, ambayo mara nyingi ni Mshtarii (Jupita), ile ile unayoiona usiku bila darubini. Hakuna kibao kinachosema inazunguka jua kwa miaka 3,600. Watu walitishwa kwamba ingefika 2003, ikasogezwa hadi 2012, na bado mnatusimulia.

Kwenye vinasaba ndiyo balaa. Mwaka 2001 ramani ya kwanza ya jenomu ya binadamu, yaani vinasaba vyake vyote, ilipotolewa, watafiti walitaja jeni 223 ambazo huenda zilitoka kwa bakteria. Sitchin akazidaka: hizo ndizo jeni za Anunnaki. Mwaka ule ule watafiti wengine walipima upya na idadi ikaporomoka, kwa sababu nyingi zilionekana pia kwa viumbe wengine ambao hawakuwa wamelinganishwa mwanzo. Hilo hamlisemi. Mnakimbilia kromosomu namba 2 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba vinasaba), kwamba eti imeunganishwa maabara. Kuungana iliungana kweli, ndiyo maana sokwe ana kromosomu 48 na sisi 46. Lakini kromosomu huungana zenyewe katika maumbile, hata kwa watu walio hai leo, na Neanderthal, jamaa wa binadamu aliyekwisha toweka, alikuwa na muungano huo huo. Naye alitumwa kuchimba dhahabu?

Muumini wa Biblia au Qurani akisema mtu aliumbwa kwa udongo, anakuambia wazi kwamba anaamini. Hakudai amepima udongo huo. Anazungumzia nani alimtaka mtu awepo na kwa nini, na unaweza kumkubali au kumkataa ukijua anasimama wapi. Nyinyi mnaleta imani mkiipa jina la sayansi, kisha mnamdharau yule aliyekuwa mkweli. Na swali lenyewe hamjaligusa. Kama Anunnaki walituumba sisi, wao waliumbwa na nani? Mkisema walitokea wenyewe kwa mageuzi huko kwao, kwa nini isiwezekane hapa, penye nyayo za Laetoli za miaka zaidi ya milioni 3.6 na mifupa ya binadamu ya Jebel Irhoud, Moroko, ya miaka kama 300,000?

Linaloniuma kuliko yote ni hili. Mpumalanga, Afrika Kusini, kuna maelfu ya kuta za mawe. Wanaakiolojia wamezichimba wakakuta makazi ya watu wa Bokoni, ya kuanzia karibu mwaka 1500 hadi miaka ya 1820: mazizi, matuta ya kilimo, njia za ng'ombe zilizojengewa kuta huku na huku. Wakulima Waafrika, wenye uzao hadi leo. Wapenzi wa Anunnaki wakaja, wakatangaza kwamba ni mji wa wachimba dhahabu wa Nibiru, na Waafrika wenzangu mnasambaza kwa fahari! Wakoloni walitufanyia hivyo hivyo kwa Zimbabwe Kuu, yale magofu ya mawe. Mwanaakiolojia Randall-MacIver alisema mwaka 1905 kwamba ilijengwa na Waafrika, mwenzake Caton-Thompson akathibitisha 1929, na bado serikali ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, haikutaka kusikia. Sasa kazi ile mnaifanya wenyewe, bure.

Na nyie waumini wenzangu hamsaidii. Mtu akileta Anunnaki mnamjibu kwamba ni mambo ya kuzimu, mnamlaani, mnaondoka. Wengine mmehamia upande wake kimyakimya: magurudumu ya Ezekieli sasa ni chombo cha anga. Someni sura yenyewe. Nabii yuko uhamishoni Babeli, kando ya mto Kebari, anaona viumbe wenye uso wa mtu, simba, ng'ombe na tai. Nchi hiyo na jirani yake Ashuru zilijaa sanamu za simba na ng'ombe wenye mabawa, wengine na vichwa vya watu. Anawaambia mateka kwamba Mungu wao yuko juu ya hayo yote, nanyi mnamgeuza rubani!

Kwa hiyo anayetaka kunijibu alete namba ya kibao, mstari, na tafsiri ya mtu anayeusoma mwandiko huo. Tafsiri za bure mtandaoni ziko tele. Video sitafungua.