Inveta ya "wati 1000" yenye fyuzi za ampea 40: wauzaji wa sola, andikeni ukweli kwenye boksi

Wanajukwaa, nawasalimu. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha, ingawa nimengoja siku tisa kabla ya kuandika ili nisiseme jambo ambalo halijapimwa. Mimi ni mwalimu, naishi Nakuru, na gari letu ni lile la abiria kumi na wanne lililokwisha kustaafu kazi ya matatu. Mume wangu nami tuling'oa viti, tukaweka kitanda, kabati na sinki ndogo, na juu ya paa tukafunga paneli mbili za sola za wati 100 kila moja. Betri ni moja ya asidi, ya volti 12 na ampea-saa 100. Tunalitumia wakati wa likizo, lakini kazi yake kubwa ni kumsafirisha mama yangu mzazi kwenda nyumbani Busia, kwa kuwa umri umekwenda, ana kisukari, na hawezi tena kukaa ndani ya basi kutwa nzima bila kulala kidogo na kunyoosha miguu.

Mama hutumia insulini. Chupa ambayo haijafunguliwa hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na ikishatolewa kwenye baridi huhesabiwa majuma tu kabla ya kutupwa. Hiyo ndiyo sababu tulinunua friji ndogo ya volti 240, na ndiyo sababu tulikwenda kutafuta inveta ya kuigeuza stima ya betri iwe ya kuendesha friji hiyo. Sikuitafuta kwa ajili ya anasa.

Nilikwenda dukani nikiwa na karatasi. Nilikuwa nimeandika friji wati 70 ikiwa inaendelea kufanya kazi, chaja ya kompyuta ya mume wangu wati 65, na kipumulio kidogo cha mvuke cha mtoto ambacho hutumika mara chache. Taa na simu sikuziandika kwa kuwa zinapata umeme wa volti 12 moja kwa moja bila kupitia inveta. Muuzaji hakuisoma karatasi ile. Alishusha boksi kutoka rafuni, akaniambia, "Mwalimu, hii ni elfu moja, hata pasi itabeba." Nilipomuuliza kama inatoa wimbi safi kama la stima ya nyumbani, alijibu kwamba zote ni sawa. Nililipa shilingi 6,800, nikapewa risiti, na nyuma ya risiti kulikuwa na muhuri unaosema kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Tuliondoka Nakuru asubuhi. Friji ilianza kuunguruma kwa sauti nzito ambayo haikuwa nayo ilipokuwa imechomekwa jikoni kwetu, na tulipofika Kericho mgongo wake ulikuwa wa moto kuliko nilivyowahi kuugusa. Tulidhani ni mtikisiko wa barabara. Tulilala Kisumu, karibu na ufuo wa Dunga, na usiku ndipo taabu ilipoanza kwa kweli: kila mara kompresa ya friji, yaani mota yake ya kupoza, ilipotaka kuwaka, inveta ililia, ikazima, ikawaka tena, ikalia tena. Mume wangu aliamka mara tano. Asubuhi kipimajoto ndani ya friji kilisoma nyuzi 17, na joto la Kisumu lilikuwa bado halijaanza. Tulinunua barafu kwa wauzaji wa samaki, tukaifunga kwa taulo ndani ya kasha ili chupa zisiguse barafu zikaganda, kwa maana insulini iliyoganda haifai tena, na tukafika Busia kwa namna hiyo. Mfamasia alituambia chupa zile zisirudishwe kwenye akiba ya miezi. Zihesabiwe kuwa zimeanza kutumika, na kila moja imalizwe au itupwe ndani ya majuma manne. Zilikuwa tatu. Mama hawezi kumaliza tatu kwa muda huo, kwa hiyo dawa iliyonunuliwa kwa jasho imeharibika bure.

Tuliporudi niliipeleka inveta kwa fundi mmoja ninayemwamini, kijana mwenye leseni ya kazi za sola. Naomba mnisome kwa makini hapa, kwa sababu alichonionyesha kinaweza kufanywa na yeyote mwenye bisibisi.

Kwanza aliichunguza ile mifuniko miwili upande wa nyuma wa inveta, akatoa fyuzi. Zilikuwa mbili, kila moja imeandikwa 20, yaani hukatika umeme ukizidi ampea 20. Akanieleza kwamba hesabu ya umeme haina siri: wati ni volti mara ampea. Ili kutoa wati 1000 kutoka kwenye betri ya volti 12, hata kama inveta isingepoteza chochote, ingehitaji kuvuta ampea 83. Lakini hakuna inveta isiyopoteza. Zile za bei ya chini hupoteza kama asilimia 15 kwa joto, kwa hiyo ampea zinazohitajika hukaribia 100. Sasa fyuzi mbili za 20 ni ampea 40. Arubaini mara kumi na mbili ni wati 480 zinazoingia, na ukitoa upotevu, zinazotoka ni kama 400. Yaani aliyeitengeneza mashine hii alijua kabisa haitabeba elfu moja, akaiwekea fyuzi za kiwango chake halisi ndani, kisha nje akabandika namba nyingine. Jambo hili ndilo linaloniuma kuliko hasara yote. Kukosea hesabu ni ubinadamu, lakini hapa hesabu ilifanywa sawasawa, kisha mnunuzi akafichwa jibu.

Pili, alichukua betri iliyojaa, akaunganisha balbu za zamani za waya, kila moja ya wati 100, akawa anaziwasha moja baada ya nyingine. Balbu mbili zilikuwa sawa. Ya tatu ilifanya zote zififie kidogo. Ya nne iliifanya inveta ilie, na baada ya dakika chache ikazima. Hatukufika hata ya tano.

Tatu ni suala la wimbi. Stima ya nyumbani hupanda na kushuka taratibu mara 50 kwa sekunde. Inveta ya aina tuliyouziwa haifanyi hivyo: inaruka kwa ngazi, kutoka sifuri hadi juu, kisha sifuri, kisha chini. Chaja ya simu na balbu hazijali. Mota ya friji inajali sana, kwa kuwa hizo ngazi huigeuza sehemu ya umeme kuwa joto na mngurumo badala ya mzunguko. Ule mngurumo tuliousikia kutoka Nakuru hadi Kericho haukutokana na barabara. Ilikuwa ni mota inayolishwa umeme usiofaa, kisha usiku betri iliposhuka kidogo ikakosa hata nguvu ya kuanzia. Kompresa inapowaka huhitaji mara kadhaa ya wati zake za kawaida kwa muda mfupi sana, na friji ya wati 70 inaweza kudai 300, 400 au zaidi katika mpigo wa kwanza. Inveta ambayo mwisho wake ni 400 haiachi nafasi yoyote.

Nilirudi dukani. Nilijibiwa mambo manne, na nataka kuyajibu hapa hadharani kwa kuwa najua wengi wenu mmeambiwa yayo hayo.

Nilielezwa kwamba namba 1000 ni ya "nguvu ya ghafla". Basi iandikwe hivyo. Mtu anaponunua gunia la kilo 90 la mahindi hategemei kuambiwa nyumbani kwamba hizo 90 zilikuwepo kwa sekunde moja mizani ilipotikisika. Namba kubwa mbele ya boksi inapaswa kuwa ya wati za kudumu, zile ambazo mashine inazitoa saa baada ya saa bila kulia. Na hata kwa mpigo wa ghafla, usiku ule inveta hii ilishindwa kuiwasha friji moja.

Nilionyeshwa mita ikisoma volti 220 kwenye tundu la inveta, eti ni ushahidi kwamba ni nzima. Ilisoma bila kifaa chochote kuchomekwa. Volti zisizo na mzigo hazithibitishi kitu; mpime wakati friji inataka kuwaka ndipo mtaona. Fundi alinifahamisha pia kwamba mita za kawaida za bei nafuu zimetengenezwa kwa wimbi safi, na kwenye wimbi la ngazi husoma vibaya, kwa hiyo mita ile isingeweza kusema ukweli hata kama ingetaka.

Nililaumiwa kwa kuifungia inveta mahali penye joto. Iko kwenye kabati lenye matundu ya hewa pande mbili, na feni yake haijazibwa. Nakubali kwamba joto hupunguza uwezo wa mashine hizi. Halipunguzi 1000 kuwa 400 saa tano za usiku.

Jibu la mwisho ndilo lililonitoa machozi ya hasira: "Basi Mwalimu, ongeza pesa uchukue ya elfu mbili." Kutoka rafu ile ile, ya mtengenezaji yule yule! Nimekwisha kudanganywa kwa namba, na dawa ninayopewa ni namba kubwa zaidi.

Kuhusu ule muhuri wa "hairudishwi", naomba tusitishwe nao. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Aidha, tangu 2012 tuna sheria ya kumlinda mnunuzi. Muhuri wa mpira uliochongwa mjini haufuti Katiba. Bidhaa iliyouzwa kwa maelezo isiyolingana na maelezo hayo ni bidhaa tofauti na ile niliyoilipia.

Kwa wale wanaotengeneza magari ya kulala, na naona wanaongezeka hapa Nakuru na Naivasha, nawasihi msianze na inveta. Anzeni na vifaa. Kila kinachoweza kutumia volti 12 moja kwa moja kiache kitumie hivyo, kwa kuwa kila wati inayopitia inveta hulipa ushuru njiani. Ningejua mapema, ningenunua friji ya volti 12 yenyewe, ile inayofungwa moja kwa moja kwenye betri, hata kwa bei ya juu, na insulini ya mama isingehitaji inveta hata kidogo. Vinavyobaki vijumlishwe kwa wati za kudumu, kisha mtazame ni kipi chenye mota na muiachie mota hiyo nafasi ya kutosha ya kuwaka. Kwangu mimi, inveta ya wati 600 za kudumu yenye wimbi safi ilitosha na kubaki. Sikuhitaji elfu moja, na muuzaji angeisoma karatasi yangu angeniambia hivyo, tena angepata faida kubwa zaidi kwa kuniuzia kitu cha kweli.

Kubwa kupita kiasi nayo ina gharama. Inveta ikiachwa imewashwa bila kazi bado hula umeme, na mashine ya wimbi safi ya ukubwa wa wastani inaweza kula wati 10 au 12 muda wote. Kwa siku nzima hizo ni wati-saa 240 hadi 290 hivi, wakati betri ya asidi kama yangu haifai kutolewa zaidi ya nusu, yaani wati-saa 600 hivi. Karibu nusu ya akiba inaliwa na kifaa kisichofanya chochote. Nyaya nazo mziangalie. Zile nyembamba zenye vibanio vilivyomo ndani ya boksi hazifai kwa mzigo mzito. Ampea 100 zinahitaji waya mnene kama wa milimita 25 za mraba, mfupi, wenye fyuzi karibu kabisa na betri. Na yeyote anayewaambia mchomeke inveta ya wati 300 kwenye tundu la kuwashia sigara, muulizeni tundu hilo limewekewa fyuzi ya ampea ngapi. Mara nyingi ni 10 au 15, yaani wati 120 hadi 180 basi.

Soketi iliyo kwenye inveta yangu, ile inayodai kupokea plagi za nchi zote, haikamati vizuri plagi yetu ya meno matatu ya mraba. Inacheza na kutoa cheche. Ndani ya gari lenye godoro na mapazia.

Ninachodai si kikubwa. Nataka kila inveta inayouzwa katika kaunti zetu iandikwe mbele ya boksi, kwa herufi zinazosomeka bila miwani, wati zake za kudumu, aina ya wimbi lake, na volti ya betri ambayo ikifikiwa inveta hujizima ili isiiue betri. Nataka muuzaji akubali kuipima kwa mzigo mbele ya mnunuzi kabla ya pesa kutolewa; balbu kumi za wati 100 hazimshindi mwenye duka. Nanyi wanajukwaa wa Kisumu, Kakamega, Eldoret na kwingineko, kama mna inveta nyumbani, itenganisheni na betri kwanza, fungueni mifuniko ya fyuzi, mjumlishe ampea mzidishe mara 12, kisha mwandike hapa chini jibu mlilopata pamoja na namba iliyo kwenye boksi. Majina ya maduka msiyaweke, namba zinatosha.

Mimi Jumatatu narudi dukani na mashine, risiti, barua ya mfamasia, na zile fyuzi mbili kwenye bahasha.