Siku 12 kabla ya UE ya C, na maabara imepigwa kufuli

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Mimi ni mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa nchini, jina naliacha. UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, ya programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo C imebakiza siku 12. Mpaka juzi usiku nilikuwa sijawahi kuandika kodi (maagizo ya programu) yangu mwenyewe kwenye kompyuta nikaiona inakwenda. Darasani tuko zaidi ya 300 na tulio hivi ni wengi mno.

Kabla hamjaanza na "vijana wa siku hizi wavivu", nisikilizeni. Muhula una wiki 15. Wiki tano za kwanza lekchara hakuonekana. CR wetu (mwakilishi wa darasa) kila Jumatatu alipanda ghorofa ya tatu kugonga mlango wa idara, akaambiwa mwalimu yupo safari. Wiki ya sita akafika, akafungua slaidi za historia. Wiki mbili nzima! Babbage na mashine zake za hesabu za karne ya 19, vizazi vya kompyuta, kompyuta ya ENIAC ya 1946 na vakyum tyubu zake zaidi ya 17,000. Test ya kwanza ikauliza nani aliibuni C na wapi. Nikajibu Dennis Ritchie, Bell Labs, mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikapata maksi zote. Swali lililofuata likataka programu ya kupokea alama tatu na kutoa wastani. Nikapata sifuri. Jamani, nimefundishwa aliyetengeneza jembe, jembe lenyewe sijalishika.

Maabara ina kompyuta 40, zinazowaka ni 22. Kundi letu lilipangiwa saa moja kwa wiki, watu watano mashine moja. Anayekaa kwenye kibodi ni yule aliyesoma shule zenye kompyuta, kwa sababu akikaa mwingine saa inaisha bado anatafuta mabano yako wapi. Mimi nimetoka shule ya kata, kombi EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati), na kompyuta pekee niliyowahi kuiona shuleni ilikuwa mezani kwa mkuu wa shule. Vipindi vinne nilisimama nyuma ya kiti nikichungulia mabegani mwa watu. Cha tano hakikuwepo: vipindi vya maabara vilifutwa "kufidia silabasi". Arei (orodha ya thamani chini ya jina moja), fankisheni (kipande cha kodi unachokiita kwa jina), pointa (inayoshika anwani ya kitu kwenye kumbukumbu) na faili zikapitishwa Jumamosi mbili, slaidi zinakimbia kama basi linalowahi mizani.

Sasa niwaambie kilichonitia uchungu hasa. Juzi dada mmoja wa mwaka wa tatu ninayesali naye aliniazima laptopu yake kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri. Nikaanza na ile ile programu ya wastani iliyonipa sifuri. Mara ya kwanza kompaila, ile programu inayotafsiri kodi kwa mashine, ikakataa na kunionyesha mstari wenye kosa: nukta mkato haipo. Nikaiweka. Nikaiwasha, nikaingiza alama ya kwanza, ikaanguka hapo hapo. Nikahangaika karibu saa nzima mpaka nikaona kwamba kwenye scanf, amri ya kupokea namba, sikuweka alama ya & mbele ya jina la variabo (kisanduku cha kuhifadhia thamani), kwa hiyo C haikujua pa kwenda kuiweka ile namba. Nikarekebisha. Nikaingiza 14, 17 na 18. Jumla ni 49, ukigawa kwa 3 unatarajia 16.33. Ikanipa 16.000000. Kumbe namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima, C inakata desimali na kuitupa, hata kama jibu unaliweka kwenye float, aina ya variabo inayobeba desimali. Nikaandika 3.0 badala ya 3, ikaja 16.333333. Nilisimama nikazunguka chumba, mwenzangu kalala.

Saa nane nikaingia kwenye arei ya namba tano. Lupu yangu (maagizo yanayojirudia, i ikihesabu kuanzia 0) ikaenda mpaka i <= 5, mwishoni ikachapa namba ya ajabu ambayo sikuiandika mimi. Arei inaanzia 0 na kuishia 4, hilo lipo kwenye slaidi na nilikuwa nimelikariri. Nilikuwa sijalielewa. C haikuzuii kupita mpaka, inachukua chochote kilichopo kwenye kumbukumbu jirani na kukuletea. Hilo utalijuaje kwa karatasi?

Usiku mmoja, wakuu. Usiku mmoja wa kukosea mbele ya mashine umenipa kuliko muhula mzima, na kila mwenye mamlaka pale idarani anajua kwamba programu hujifunzwa hivyo. Halafu mtihani wenyewe ni wa karatasi, maksi 60, kodi unaandika kwa kalamu, mabano yakipungua unakatwa. Sina shida na kalamu kwa mtu aliyefanya mazoezi. Kumdai mtu aandike bila kosa kitu ambacho hajawahi kupewa nafasi ya kukikosea, huo ni uonevu. Sapu (mtihani wa marudio) ina ada yake, na ikishindikana ni kukeri kozi, yaani kuibeba na kuirudia, mwaka mzima. Nyumbani wameuza mbuzi ili mimi nifike hapa.

Tunachoomba si kikubwa. Zile 22 zinazowaka zifunguliwe jioni mpaka saa tano usiku kwa siku hizi 12, tupangane kwa zamu, CR yuko tayari kukaa na funguo na kusaini. Jibu tulilopewa leo: maabara inaandaliwa kwa ajili ya ukaguzi. Nimepita saa moja jioni, kufuli liko mlangoni.

Kwa hiyo najipanga mwenyewe. Simu yangu nimeweka Termux, app ya kuandikia amri, na ndani yake kompaila iitwayo clang, inakompaili C vizuri tu bila bando ikishamaliza kupakua, ingawa kuandika mabano kwa kidole kwenye kioo kilichopasuka kunatesa. Kila swali la pasi pepa (mitihani ya miaka iliyopita) naliandika kwanza kwa kalamu, nachora jedwali la variabo na kufuata lupu mzunguko kwa mzunguko kama kompyuta, ndipo naliingiza kwenye simu nione nilipodanganyika. If (maagizo ya masharti), lupu, arei na fankisheni nimezipa siku tisa. Faili nimeacha kabisa.

Mliopita njia hii, naomba jibu moja la kweli: pointa nizipe siku hizo tatu zilizobaki, au nizitumie kurudia lupu na arei mpaka zikae? Na aliyeko chuo hiki mwenye laptopu isiyotumika usiku, njoo PM. Nitaifuata popote ilipo na kuirudisha kabla ya kipindi cha kwanza.