Naomba ushauri: mwenzangu amefuta nilichoongeza, mnunuzi anakitaka

FundiRangi, Jinja
Ndugu zangu, habari. Nina karakana ndogo ya uchoraji. Tangu mwaka jana nachora na kijana wa miaka 24 mwenye usonji. Mama yake humleta kila Alhamisi. Haongei sana. Anachora magurudumu ya bodaboda tu, spoki moja moja, akikandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka.

Tukaanza kazi ya pamoja juu ya kitambaa cha gome la mti wa mutuba. Alijaza magurudumu, mimi nikaona panapwaya, nikaongeza dereva na abiria. Alhamisi iliyofuata alichovya brashi kwenye rangi ya kahawia, akawafuta wote wawili, taratibu, bila hasira. Kikabaki kiatu kimoja cha abiria.

Sasa kuna mtu anatoa laki nane, ila anataka watu wale warudi. Mama anasema niamue mimi. Nifanyeje? Na jina liwe la nani?

MamaPacha, Mbale
Kaka, kijana ameshakujibu kwa brashi. Mwanangu naye ana usonji. Watu humshika mkono wakidhani wanamsaidia, na akishikwa tu anaacha kalamu. Usiwarudishe.

Mzee wa Gome, Masaka
Msome Judith Scott wa Marekani, 1943 hadi 2005. Alikuwa kiziwi mwenye Down sindromu, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili, akaishi kwenye taasisi za walemavu miaka kama 35. Pacha wake alimpeleka Creative Growth, Oakland, kituo cha wasanii wenye ulemavu kilichoanzishwa 1974. Karibu miaka miwili hakuvutiwa na kuchora, mpaka alipokutana na nyuzi. Akawa anaviringa vitu kwa uzi mpaka vinamezwa, na hakuna aliyemmalizia. Leo kazi zake zimo makumbusho.

Nakato_K
Laki nane si haba, lakini mchoree mnunuzi kazi yako mwenyewe yenye madereva. Hii yenu iandikwe majina mawili, la kijana likitangulia. Ikipata mteja mwingine, fungu lake liingie kwenye akaunti yake, naye awepo siku ya kuhesabu. Mama asiachiwe kusema kwa niaba yake kila kitu. Mwonyeshe kijana picha mbili, yenye watu na isiyo na watu, aguse anayotaka.

FundiRangi, Jinja
Asanteni sana. Leo nimemwonyesha picha mbili kama alivyosema Nakato. Amegusa isiyo na watu. Kisha akachukua kalamu, akakizungushia kile kiatu spoki, moja moja, mpaka kikawa gurudumu. Mnunuzi nimeshampigia, nimemwambia haitauzwa kwa masharti yale.