Bwana anataka asilimia 30 ya winga wangu wa miaka 15, nifanyeje?

KochaMtoni: Habari wakuu. Nafundisha soka la watoto huku Mtoni, Temeke. Nina winga wa miaka 15, anatumia kushoto. Akipokea mpira pembeni, beki anaanza kurudi nyuma mwenyewe. Analelewa na bibi yake, muuza vitumbua. Sasa kaja bwana mmoja, atalipa ada na kununua njumu, ila bibi atie dole gumba kwenye karatasi: dogo akiuzwa, asilimia 30 ni ya huyo bwana. Bibi anaelekea kukubali. Nimshauri nini?

KatibuMkongwe: Kocha, bibi asiguse wino! Tangu Mei 2015 FIFA imepiga marufuku mtu wa nje kumiliki fungu la mauzo ya mchezaji. Na kama anaahidi Ulaya mwakani, muulize vipi, maana uhamisho wa nje chini ya miaka 18 hauruhusiwi isipokuwa kwa sababu chache sana.

La muhimu kwako ni usajili. Msajili dogo kwenye klabu yako kupitia chama cha soka cha wilaya, kwa umri wake wa kweli. Mchezaji akiuzwa nje mkataba ukiwa hai, asilimia 5 ya fedha za uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Msimu mmoja wa umri kama wake ni asilimia 0.25, kuanzia 16 ni 0.5. Akiuzwa yuro 200,000, msimu huu peke yake unakupa yuro 500. Hiyo ni mipira, ni nauli za watoto. Inaniuma kuona timu za mtaani zinalea vijana halafu hazipati kitu kwa kukosa kumbukumbu.

Wala msiwe na haraka. Mshambuliaji wetu Mbwana Samatta alikaa TP Mazembe ya Kongo kuanzia 2011, akaenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016 akiwa bingwa wa Afrika.

MamaWawili: Huyo bwana kama ana moyo wa kusaidia, ada ailipe shuleni moja kwa moja, risiti ibaki kwa bibi. Akikataa, mmeshamjua.

KochaMtoni: Asanteni sana. Bibi amekubali kusubiri. Shida dogo hana cheti cha kuzaliwa, ana kadi ya kliniki tu.

KatibuMkongwe: Kadi hiyo ni ushahidi mzuri. Ongeza cheti cha darasa la saba na barua ya serikali ya mtaa, muende RITA, wakala wa serikali anayetoa vyeti vya kuzaliwa. Nenda naye wewe mwenyewe, bibi asizungushwe.