Kwa nini jumla ya mfululizo wa e inageuka kuwa "inf"?

Swali

Habari za kazi, wataalamu. Nimeandika programu ya lugha ya C inayotafuta thamani ya namba e (takriban 2.71828) kwa kujumlisha 1/n! kuanzia n = 0. Faktoria, yaani n! (zao la namba zote kuanzia 1 hadi n), naihifadhi katika kigeu f cha aina ya int (namba kamili), ambacho kila mzunguko hukizidisha kwa n, kisha 1.0/f huongezwa kwenye jumla, ambayo ni ya aina ya double (namba za desimali). Nikiishia n = 12 napata 2.7182818283, karibu kabisa na thamani ya vitabuni. Nikiendelea hadi 20 napata 2.7182818346, na nikifika 40 panachapishwa "inf", yaani namba isiyo na kikomo. Inakuwaje kuongeza vipengele kuharibu jibu, tena bila onyo lolote kutoka kwa kompaila (programu inayotafsiri msimbo wangu)?

Jibu la kwanza

Kigeu chako kimefurika. Aina ya int yenye biti 32 haipokei namba inayozidi 2,147,483,647. Faktoria ya 12 ni 479,001,600, nayo inaenea. Ya 13 ni 6,227,020,800, haienei, hivyo biti za juu hukatwa na kubaki 1,932,053,504, namba ambayo kwa macho haina kasoro yoyote. Chapisha f katika kila mzunguko na utaiona ikiwa hasi kwenye n = 17. Ama hiyo "inf", sababu yake ni kwamba 34! hugawanyika kwa 2 mara 32, kwa hiyo biti zake 32 za chini zote ni sifuri, nawe unagawanya kwa sifuri.

Tahadhari moja: hayo ndiyo hutokea kwa kawaida, lakini kanuni za C hazikuhakikishii matokeo yoyote pale namba kamili zenye alama (zinazoweza kuwa chanya au hasi, kama int) zinapofurika. Ukitumia kompaila ya GCC au Clang, ongeza -fsanitize=undefined unapokompaili; programu ikiendeshwa itakutajia mstari wenye tatizo.

Muulizaji

Nashukuru sana. Je, nikiweka long long badala ya int itatosha?

Jibu la pili

Utakuwa umeusogeza ukuta tu, kwani long long ina biti 64, ambazo hubeba 20! na kushindwa na 21!. Mimi naona ni heri usihesabu faktoria kabisa, kwa kuwa kila kipengele ni kile kilichotangulia kikigawanywa kwa n:

k = k / n;
jumla = jumla + k;

Hapo k na jumla ni double, zote zikianza na 1, na n huanzia 1. Ukifika n = 17 umeshamaliza takriban usahihi wote ambao double inaweza kukupa.

Jibu la tatu

Naongezea kwa atakayetumia njia hiyo kutafuta e^x, ambapo mstari wa kwanza huwa k = k * x / n. Kwa x = -20 hakuna kitakachofurika, lakini jibu litakuwa bovu vilevile: vipengele vikubwa zaidi hufikia takriban milioni 43, vikipishana chanya na hasi, ilhali jibu sahihi ni kama 0.000000002, dogo kuliko makosa ya ukadirishaji yaliyokusanyika njiani. Tafuta e^20 kwanza, kisha ugawanye 1 kwa jibu hilo.